Mkufu wa Igoki

Mtungi ulikuwa umejaa maji hadi mdomoni. Hilo ndilo jambo la kwanza aliloliona Mwanarusi asubuhi ile, na laiti angekuwa mwanamke wa kushtuka upesi, hadithi hii ingekuwa fupi. Jana yake jioni aliuacha mtungi huo mtupu, ameukung'uta mpaka tone la mwisho, kwa sababu kafyu iliingia kabla hajawahi bombani. Na katika Embu ya mwaka ule wa hamsini na sita, nani angethubutu kutoka na ndoo kabla filimbi ya asubuhi haijalia? Labda mtu aliyechoka kuishi.

"Hidaya," akamwita bintiye, "ni wewe uliyeteka maji?"

"Maji gani, mama? Mimi ndiyo kwanza naamka."

"Basi ni babako."

Mumewe Idrisi, aliyekuwa akifungua milango ya karakana, akacheka. "Mimi nibebe ndoo kichwani? Leo umeamka na mzaha, Mama Ismael."

Yakaishia hapo. Maji ni maji. Mwanarusi akachota, akateleka chai, na chai ikaja na harufu ya moshi. Haikuwa harufu ya moshi wa kuni. Ilikuwa ya nyasi za paa, nyasi kavu zilizoungua zikiwa bado na kinyesi cha panya na masizi ya miaka. Aliimwaga chai hiyo uani, akapika nyingine, nayo ikanuka vile vile.

Lakini ngojeni niwaeleze kilichotokea siku iliyotangulia, maana bila hicho mtasema nawapigia porojo.

Nyumba ya Idrisi ilikuwa pale Majengo, si mbali na msikiti, chumba cha mbele karakana na vyumba vya nyuma vya kuishi. Idrisi alikuwa sonara. Baba yake alikuwa sonara, na babu yake pia, yule aliyekuja na misafara akaoa mwanamke wa Kimbeere na kuisahau njia ya kurudi kwao. Ukivunjikiwa na bangili ya mamako, ulimpelekea Idrisi, naye angeiunga usione ilipovunjika hata kwa kuitafuta. Mwanarusi alivuta mvukuto nyuma ya pazia, Hidaya alisugua vyombo kwa majivu na ndimu mpaka vikameta. Kazi ilikuwa ya nyumba nzima.

Na nyumba hiyo ilikuwa na mwiko wake. Kutengeneza kilichovunjika, sawa, leta wakati wowote. Lakini kuyeyusha, hapana, mpaka mwenye kitu aje mwenyewe, akishike kwa mkono wa kulia juu ya moto, ataje jina lake na kusema: nimekuacha, nenda. Babu alikuwa akisema fedha iliyokaa shingoni mwa mtu miaka mingi imekunywa jasho lake, inamjua, na ukiichoma bila kuagwa itainuka kumtafuta mwenyewe. Wateja walicheka. Walicheka lakini walisema, kwani maneno mawili yana uzito gani? Idrisi hakuwahi kuyeyusha hata kipuli kimoja bila maneno hayo.

Basi siku hiyo adhuhuri akaingia Mbaka.

Mbaka alikuwa mkubwa wa homgadi, mgambo wa mkoloni wa kuwawinda wapiganaji wa msituni, upande wa Ishiara, mtu wa koti refu na bunduki aliyopewa na serikali. Tena alikuwa mmoja wa wazee wa kamati, ile iliyokuwa ikisema nani akubaliwe kurudi kutoka kambi za kizuizini na nani aozee huko. Mjue pia kwamba mtoto wa kwanza wa Idrisi, Ismael, alikuwa kambini Mwea. Kosa lake? Alikuwa Nairobi kwa sonara mmoja akijifunza kazi, siku ya msako mkubwa askari wakamuuliza kwao ni wapi, akasema Embu, na siku hiyo kila wa Embu alizolewa. Alisema ukweli, ndiyo dhambi yake. Miaka miwili sasa Mwanarusi alikuwa na sahani ya bati yenye ukingo wa buluu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kulia chakula. Ni ya Ismael. Kila Ijumaa aliiosha, akaifuta, akairudisha mahali pake.

Mbaka akatoa kitambaa mfukoni, akakifungua mezani. "Fundi, hii unaweza yeyusha? Nataka bangili mbili ya bibi. Tunafunga ndoa kanisani na Kawira mwezi huu."

Ulikuwa mkufu wa fedha, mzito, wa pete ndogo ndogo zilizosukwa, umeingia weusi wa masizi. Idrisi akaugeuza. Nyuma ya kifungo palikuwa na vitone vitatu. Vitone vile ndivyo alama ya baba yake, naye mwenyewe, alipokuwa kijana, alikitengeneza upya kifungo hicho kilipolegea. Mwenye mkufu alikuwa mwanamke wa Ishiara, mcheshi, jina lake Igoki. Baba yake Idrisi alimtengenezea alipoolewa.

"Mwenyewe yuko wapi?" Idrisi akauliza taratibu.

"Mwenyewe hayuko."

"Amekwenda wapi?"

"Nyumba iliungua. Yeye na kijana yake. Walikuwa wanapelekea watu wa msituni chakula."

"Iliungua vipi, bwana mkubwa?"

Mbaka akamtazama. "Fundi, wewe ni wa kutengeneza ama wa kuuliza?"

Idrisi akauweka mkufu chini. Akaeleza, kwa heshima zote, kuhusu mwiko wa nyumba. Akasema angeweza kuusafisha, kuubadilisha kifungo, kumtengenezea bibi harusi bangili kutoka fedha nyingine, bure, zawadi ya harusi. Mbaka akacheka kwa pua. Alitaka hiyo hiyo. Kawira alikwisha kuiona na kuipenda, na mkufu wenyewe hauwezi kuvaliwa, watu wa Ishiara wana macho.

"Alhamisi kamati inakaa," akasema akianza kukunja kitambaa chake. "Iko jina ya kijana wa hapa kwa list. Ismael. Nilikuwa naenda kusema ni kijana mzuri. Lakini kama baba yake ni mtu wa kukataa kazi ya serikali..."

Pazia likafunguka. Mwanarusi akatoka na majivu mikononi. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama mumewe, hakumtazama Mbaka. Alichukua mkufu kwa mkono wa kulia, akaunyoosha juu ya makaa, na kwa sauti kavu akasema:

"Mimi Igoki. Nimekuacha, nenda."

"Mama Ismael!" Idrisi akapaza sauti. "Umesema nini?"

"Nimesema maneno yako. Sasa yeyusha."

Msimlaumu haraka. Yeye alitaka mikono ya mumewe isogee, basi. Jina la marehemu alilichukua kama mtu anavyoazima ungo kwa jirani. Idrisi angeweza kukataa hata hapo, na hakukataa, na mimi nasema dhambi hiyo waigawane nusu kwa nusu. Akauweka mkufu ndani ya chungu kidogo cha kuyeyushia. Fedha ya zamani husumbua, hutaka moto na subira. Ile iliyeyuka papo hapo kama samli, hata kabla mvukuto haujavutwa vizuri. Mbaka akafurahi. "Unaona? Kazi rahisi."

Ndiyo asubuhi yake mtungi ukakutwa umejaa.

Siku ya pili ilikuwa uji. Mwanarusi alitoka bafuni akamkuta Hidaya amekwisha kunywa, anafuta mdomo. "Mama, leo uji wako mtamu. Umetia nini?" Ulikuwa uji wa mawele. Mwanarusi hakuwa na punje ya mawele ndani ya nyumba, tena hakuwa amelikaribia jiko. Akaitazama sufuria, ikamtazama. Angesema nini? Kwamba kuna mtu anamfanyia kazi za nyumbani? Wanawake wenzake wangemwambia ashukuru Mungu.

Siku ya tatu jirani yake Nelius, Mkristo mmoja muuza mboga, alimkuta kizingitini akamkunjia uso.

"Wewe umenizidi siku hizi. Kumbe unajua Kimbeere hivyo na miaka yote umenificha?"

"Kimbeere gani, Nelius? Mimi najua kusalimu tu, basi."

"Si tumeongea sasa hivi pale bombani! Umeniuliza watoto, umeniuliza shamba, ukacheka. Ukaniambia mwanao anarudi." Nelius akapunguza sauti. "Lakini mama, ujioshe. Unanuka moshi."

Mwanarusi hakuwa ametoka nje tangu alfajiri. Aliingia ndani, akaketi kitandani, akajinusa mikono, na hakunuka chochote, hata majivu, hata jasho lake mwenyewe.

Hapo ndipo hofu ilipoanza kumwingia, kidogo kidogo kama maji kwenye ukuta wa udongo. Alianza kuviangalia vitu vyake. Leso yake ya Idi aliikuta imelowa, imeanikwa. Mkeka wake ulikuwa umebonyea, bado una joto, mahali ambapo hakuwa amelala. Na Ijumaa, alipokwenda kuiosha ile sahani ya buluu, aliikuta imekwisha kuoshwa, imefutwa, imerudishwa mahali pake, na juu yake limekaa jani moja bichi, kama wafanyavyo akina mama wa Ishiara kumfunikia mtu chakula chake. Alipiga kelele. Hidaya alipokuja mbio, macho ya binti yalipita juu yake, yakazunguka chumba, yakarudi, na kwa muda wa pumzi mbili tatu Mwanarusi aliona wazi kwamba mtoto wake anatafuta sauti imetoka wapi.

"Ah, mama, uko hapo," Hidaya akasema mwishowe. "Nilidhani uko jikoni. Si ulikuwa jikoni?"

Jumamosi jua likiwa utosini, saa ambayo majini ya watu wengine hulala, Mwanarusi alisikia mumewe akizungumza karakanani. Alizungumza kwa upole, sauti ile ya zamani ya siku za harusi yao, akisema vuta kidogo, hapo hapo, sasa pumzika, na kila baada ya maneno yake palikuwa na kimya cha mtu anayejibiwa, kisha Idrisi anacheka, kisha anasema kweli, kisha anasema Inshallah atarudi mwenye afya. Na Mwanarusi akasogea kwa vidole vya miguu mpaka kwenye pazia, na harufu ya nyasi zilizoungua ikamjia nzito mpaka machozi yakamtoka, na alipolifunua pazia akaona kigoda chake, na leso yake imeketi juu ya kigoda, imejaa, ina mabega, ina magoti, na mahali pa mikono mvukuto ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na makaa yakiitika, na ndani ya leso mahali pa shingo palikuwa na mstari mwembamba unaowaka kama waya unaotolewa motoni.

"Baba Ismael," akaita. Hakusikika. "Baba Ismael! Idrisi!"

Idrisi akageuka, akapepesa macho. Mvukuto ukaanguka. Leso ikanywea chini. "Umetoka wapi tena? Si ulikuwa hapa sasa hivi ukinivutia?"

Basi wakaitana pembeni, wakasemezana kwa kunong'ona kama wezi, na Mwanarusi akamwambia yote tangu mtungi. Idrisi alilia. Alilia mbele ya mkewe bila aibu, akasema, "Nilijua. Fedha ile ilipoyeyuka nilijua, na nikanyamaza kwa sababu ya mtoto."

Walimwita Munyi. Munyi alikuwa mchinjaji pale sokoni, Mmbeere aliyesilimu zamani, lakini mamake alikuwa mganga na kuna mambo mtu hayaachi kwa kubadili jina la Mungu. Alikuja mchana akiwa bado na damu ya mbuzi kwenye aproni. Hakuja na kafara wala ngoma. Alitia ubani kwenye chetezo, akasoma alichojua kusoma, kisha akakigeukia kile kigoda akasema nacho Kimbeere, polepole, kwa adabu, kama mtu anayeongea na shangazi yake. Aliuliza. Akasikiliza. Akauliza tena. Jasho likamtoka. Alipomaliza hakuwa yule Munyi wa kutania wateja.

"Mimi siwezi toa huyu," akasema.

"Kwa nini?" Idrisi akauliza.

"Kwa sababu hakuvunja mlango. Jini ya kuingia kwa nguvu, hiyo nafukuza. Huyu aliitwa. Anasema alikuwa ndani ya mkufu wake, amelala, akasikia mtu anamwita jina, anasema mimi ndiye Igoki. Akasema, vizuri. Kama wewe ni Igoki, mimi nitakuwa nani?" Munyi akamtazama Mwanarusi kwa huruma. "Mama, ulichukua jina yake. Yeye amechukua yako. Anaona ni haki. Na anasema yeye pia alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, waliungua pamoja, alimfunika na mwili wake na haikusaidia."

Nje watoto walikuwa wakicheza.

"Niseme nini aondoke?" Mwanarusi akauliza.

"Useme kweli. Mchana, mbele ya Mbaka na watu. Useme mimi si Igoki, huu mkufu ulikuwa wake, alinyang'anywa. Hivyo tu. Anataka jina yake irudi na watu wajue." Munyi akafuta uso. "Lakini sema upesi. Kijana akifika, yule atampokea kwanza ndiye mama yake. Baada ya hapo hakuna dawa."

Munyi akatoka bila kutaka malipo. Idrisi akamshika mkewe mikono yote miwili. "Twende leo. Twende sasa hivi kwa Mbaka, nitasimama nawe."

"Na barua ya Ismael ya kuachiliwa?"

"Tutatafuta njia nyingine."

"Njia gani, Baba Ismael? Iko wapi? Mbaka akisikia namwita mwizi mbele za watu, unadhani ataitia sahihi? Mtoto atabaki kule mpaka lini? Wenzake wanarudi wamebebwa. Nisubiri afike. Akishuka tu kwenye lori nitamkumbatia, nitakuwa wa kwanza, na hapo hapo, kabla sijamwachilia, nitageuka nimwambie Mbaka kila kitu. Acha wanifunge mimi."

Mtu akisikiliza anaona si mpango mbaya. Hata Idrisi aliuona si mpango mbaya. Tangu siku hiyo Mwanarusi alilala amemshika mumewe mkono, akimkumbusha kila alfajiri, "Mimi ndiye, unaniona?" Naye akijibu, "Nakuona," ingawa kila siku alichukua muda zaidi kujibu.

Mbaka alifunga ndoa yake. Kawira aling'aa kanisani na bangili zake mbili. Kama mnangoja niseme zilimkaza mikono zikamkata, au bwana harusi akaanguka kifudifudi madhabahuni, mtangoja sana. Hawakupata hata mafua. Baadaye Mbaka alipewa cheo kikubwa zaidi, akafa mzee kitandani mwake. Dunia ndiyo hiyo, sikuiumba mimi.

Barua ilitoka. Ismael angeletwa na lori la Jumatano, ashushiwe bomani mbele ya ofisi.

Siku hiyo Mwanarusi alitoka filimbi ilipolia. Alivaa leso yake ya Idi, akapaka wanja, akafika bomani wa kwanza, akasimama karibu kabisa na mahali ambapo malori husimama. Watu wakajaa nyuma yake. Jua likapanda. Lori likaja na vumbi lake, askari wakafungua nyuma, na vijana wakaanza kushuka mmoja mmoja, vichwa vimenyolewa, macho yamezama, wengine wakichechemea. Mbaka alikuwa pale na karatasi. Aliita jina, kisha akauliza mzazi yuko wapi, na mzazi akiinua mkono kijana anakabidhiwa.

"Ismael Idrisi!"

Akashuka. Alikuwa mrefu kuliko alivyoondoka, na mwembamba, na kovu jipya limepita juu ya jicho.

"Huyu ni wa nani?" Mbaka akauliza. "Mama yake iko?"

"Mimi!" Mwanarusi akapiga kelele, akiruka mbele na mikono wazi. "Mimi hapa!"

Mbaka akainua macho kwenye karatasi, akamwona, na uso wake ukabadilika ukawa wa majivu. Akarudi nyuma hatua moja, mbili, mpaka akagonga lori. Midomo yake ilisema bila sauti: huyu alikufa. Na wakati huo huo, kutoka kando, sauti ya Mwanarusi mwenyewe, ile ile anayowaitia watoto wake chakula, ikasema kwa utulivu, "Mimi hapa, mwanangu," na Ismael aliyekuwa amesimama kama mtu asiyejua yuko wapi akageuza kichwa, uso ukamfunguka, na akapita, akapita karibu hata bega lake likamgusa mamake aliyemzaa, hakugeuka, akaenda akajitupa kifuani mwa mwanamke aliyevaa leso ya Idi yenye rangi zile zile, mwenye mgongo ambao Mwanarusi aliujua kwa sababu ulikuwa wake, na mwanamke huyo akamfunika mtoto kwa mwili wake wote, kwa mikono yote, kama anayemkinga na kitu kinachoanguka kutoka juu.

Mwanarusi akapiga yowe. Aliyasema yote hapo, maneno yote aliyoyatunza: mimi si Igoki, mkufu ulikuwa wake, alinyang'anywa, akachomwa na mtoto wake, Mbaka ndiye. Lakini yalimtoka kwa Kimbeere safi, kwa sauti nzito ya mcheshi mmoja wa Ishiara, na waliokuwa karibu wakasogea mbali wakifunika pua kwa ajili ya moshi. Mbaka akaingia ndani ya Land Rova, akafunga mlango, akawaambia askari wamwondoe mama huyo, hana ruhusa ya kuwa mjini.

Hawakumwondoa. Waliogopa kumshika. Akaenda zake kwa miguu mpaka Majengo, akasimama kwenye mlango wake mwenyewe. Ndani kulikuwa na vigelegele vya Hidaya, na harufu ya uji wa mawele.

Idrisi alikuwa kazini, tupa mkononi, uso unameremeta kwa furaha. Akainua macho.

"Karibu, mama. Leo ni sikukuu kwetu, lakini sema tu. Una kitu cha kutengenezwa?"

"Baba Ismael," akanong'ona. "Ni mimi. Unaniona?"

Idrisi akamtazama kwa upole, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mteja wa zamani. Macho yake yakashuka mpaka shingoni mwa yule mama, kwenye alama ya mkufu usiokuwapo. Kitu kikapita usoni mwake, kivuli kidogo, kisha kikaisha. "Jina lako nani, mama?" akauliza. "Hapa kwetu lazima mtu ataje jina."

Akafungua mdomo. Lililotoka ni Igoki.

"Basi keti, Mama Igoki. Umetoka mbali, unaonekana umechoka." Akageukia ndani. "Ismael! Mletee mgeni maji."

Kijana akatoka na kikombe cha bati, akainama kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alipopokea kikombe alivigusa vidole vya kijana. Kucha mbili hazikuwapo. Alitaka kuuliza nani aliyezing'oa, alitaka kumshika kichwa hicho kilichonyolewa vibaya, lakini akanywa maji, kwa sababu kijana alikuwa amesimama akingoja kikombe. Yalikuwa maji ya ule mtungi.

Ismael akaziona alama za moto mikononi mwa mgeni, na labda huko alikotoka alikuwa amejifunza kuwatambua waliofiwa.

"Na wewe, mama," akauliza taratibu, "wako amerudi?"

Ndani, sauti ikamwita Ismael aje ale, chakula kinapoa, sahani yake iko mezani.

"Amerudi," mwanamke akasema, akamrudishia kikombe. "Nenda, unaitwa na mamako."